Nilimtaja Jirani Yangu Redioni

Nina miaka arobaini na tatu, mama wa watoto wanne, na hapa Kisangani kuna watu wengi wanaoijua sauti yangu bila kuujua uso wangu. Ninauza samaki wa kukauka katika soko moja la Mangobo. Mume wangu, Justin, anatengeneza mota za mitumbwi bandarini. Sote wawili ni watu wa mto, wa upande wa Yanonge.

Ninaandika haya nikiwa na hasira. Padri wetu aliniambia ningoje kwanza hasira itulie ndipo nizungumze. Nimengoja mwaka mzima... haikutulia! Basi nisomeni hivyo hivyo, na hasira yangu.

Yote yalianza na redio ndogo niliyoiweka kwenye meza yangu ya samaki. Kila asubuhi kulikuwa na kipindi cha watu kupiga simu na kujadili siasa za nchi na mambo ya dunia. Soko lote lilikuwa linakisikiliza. Mtangazaji wake alikuwa kijana mmoja wa maneno matamu, Fidèle. Aliweza kukufanya uamini kwamba bila wewe kusema, nchi haitaendelea.

Siku ya kwanza nilipiga juu ya maji. Mabomba ya mtaa wetu yalikuwa makavu kwa majuma mengi, na nilikuwa nimechoka kuona watoto wakipanga foleni na madumu kabla ya shule. Nilisema ukweli mtupu, kwa sauti kubwa, kama ninavyoita wateja. Fidèle akacheka kwa furaha. Akasema, "Mama Béa wa Mangobo, utupigie tena!"

Nikapiga tena. Nikapiga na kesho yake...

Nawauliza ninyi wanawake wenzangu: mtu aliyeacha shule darasa la tatu la sekondari kwa sababu ya mimba, halafu miaka ishirini na tano hakuna aliyemuuliza maoni yake hata juu ya chumvi, siku moja mji mzima unamsikiliza... angeachaje? Wanaume wenye suti walikuwa wanasimama mbele ya meza yangu na kuniuliza, "Ni weye Mama Béa wa redio?" Mapolisi walinisalimia. Nilianza kufunga kilemba kizuri kwenda sokoni.

Mwanzoni nilizungumza juu ya barabara, maji na mishahara ya walimu, mambo niliyoyaishi. Lakini Fidèle alitaka zaidi. Akawa ananiuliza juu ya vita vya nchi za mbali, uchaguzi wa Wazungu, madini yetu yanakopelekwa, rais fulani na mwenzake walisema nini. Mimi nilijua nini? Hakuna! Nilisikia habari saa kumi na mbili, na saa mbili nilikuwa ninazieleza kama mtu aliyekuwapo. Na watu walinishangilia! Jambo lisilo na maana, ukilisema kwa hasira ndani ya redio, watu wanadhani lina maana.

Justin alinionya. Alisema kwa upole, kama anavyosema yote, "Mama, siku hizi unasema mambo ya batu hata haubajue."

Nilimjibu kwamba ana wivu. Mume wangu! Nilimwambia mbele ya watoto.

Sasa niwaeleze juu ya Bahati.

Bahati ni fundi wa kushona nguo. Alikuja Kisangani kutoka mashariki, upande wa vita, yeye na mkewe Mapendo, na mfuko mmoja wa nguo. Wakapanga nyumba ndogo ndani ya parcelle yetu, yaani kiwanja chetu. Tulikaa pamoja miaka tisa. Watoto wangu walimwita tonton, yaani mjomba. Yeye aliniita dada. Mwaka Justin alipougua homa kali, na mvua ilikuwa imeharibu barabara hata pikipiki hazikupita, Bahati alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Mgongoni! Justin ni mtu mrefu, miguu yake ilikuwa inaburuta chini. Mtoto wa pili wa Mapendo alizaliwa katika chumba changu, mikononi mwangu, na wakampa jina langu.

Kila jioni, mama yake Bahati alimpigia simu. Alikuwa mzee sana, alibaki kule, anaishi katika kambi ya watu waliokimbia vita. Hakujua Kiswahili vizuri. Walizungumza lugha ya kwao, Bahati ameketi kwenye kiti nje ya mlango, anacheka, wakati mwingine anafuta machozi. Mara nyingi alinipa simu nimsalimie. Mzee yule alikuwa amejifunza neno moja kwa ajili yangu: "Asante, binti." Alilirudia mara tano, sita, mpaka Bahati anamnyang'anya simu kwa kucheka.

Shikeni hilo. Mimi nilijua anazungumza na nani. Nilijua!

Basi vita vikapamba moto kule mashariki. Kila siku redio ilitangaza mji umeanguka, kijiji kimechomwa. Watu wakaogopa. Na hofu ikaingia ndani ya kipindi cha Fidèle. Mmoja alipiga akasema adui yuko tayari kati yetu. Mwingine akasema tuwatazame wageni. Fidèle hakumzuia hata mmoja. Alikuwa anasema tu, "Wasikilizaji, hayo ni maoni," kwa sauti ya mtu anayefurahia chakula.

Kulikuwa na mwanamume mmoja wa Opala ambaye alianza kupiga kila siku. Alisema ameona wageni wakipima kivuko. Ghafla yeye ndiye aliyeitwa wa kwanza. Yeye ndiye aliyepewa dakika nyingi. Mimi nikawekwa mwisho, kabla ya matangazo ya vifo. Je, mtaamini kwamba niliona wivu? Niliona wivu, wakati watu walikuwa wanakufa!

Siku moja mchana Fidèle akanipigia mwenyewe, nikiwa sokoni.

"Mama Béa, kesho asubuhi emission yetu itakuwa na moto," alisema. "Nataka useme kitu weye mwenyewe uliona na macho."

"Miye niliona nini? Niko ku soko kila siku."

"Bon. Ku avenue yenu hakuna mutu wa kule?"

Nikapanga upya samaki mezani. Halafu nikasema, "Iko fundi mumoja wa manguo. Lakini ni mutu muzuri, ni ndugu yetu."

"Bote beko bazuri, mama, mpaka siku banageuka. Alors, usitaje jina. Useme tu ile unaona. Nitakuweka wa kwanza."

Wa kwanza... Kwa neno hilo moja, nilimuuza mtu aliyembeba mume wangu.

Asubuhi ile nilipiga. Sitasahau maneno yangu, kwa sababu baadaye nililazimishwa kuyasikia mara nyingi kupita idadi. Nilisema:

"Hapa kwetu iko mutu, anashona manguo muchana, na kila mangaribi anasema ku simu na luga ile sisi hatujue. Anasema na nani? Banamuambia nini? Serikali inalala!"

"Serikali inalala!" Fidèle akarudia. "Mama Béa, ni avenue gani?"

Nikataja avenue.

"Upande gani wa avenue?"

"Karibu na pompe ya maji."

Ndivyo! Sikutaja jina. Niliona nimeshika agizo la Fidèle. Kwenye avenue yetu pompe ni moja, na fundi karibu na pompe ni mmoja!

Wanawake wa meza za jirani walipiga makofi. Mmoja alinipa embe. Niliketi pale na kilemba changu, nimejaa sifa, nikiwauzia watu samaki huku moyo unacheza.

Kabla ya saa nne nilisikia filimbi na kelele kutoka upande wa kwetu. Vijana walikuwa wanapita mbio, wengine na fimbo, wengine na mawe. Mtu mmoja alipita anasema, "Bamemukamata! Espion ya ku redio!" Jasusi, ndivyo walivyomwita.

Niliacha samaki mezani, nikakimbia. Nilipoteza kiatu kimoja njiani. Nilikuwa ninaomba njia nzima, Mungu asiwe yeye, asiwe yeye... Lakini angekuwa nani mwingine? Nani?

Nilikuta parcelle yetu imejaa watu. Nguo za wateja zilikuwa matopeni. Sare za shule, kitenge cha arusi ya mtu... yote yanakanyagwa. Bahati alikuwa chini karibu na mlango wake, uso umejaa damu. Mashini yake ya kushona, ile ya chuma nzito, waliinyanyua wanaume wawili wakaitupa juu ya mkono wake wa kuume. Niliona kwa macho yangu! Safari hii niliona kweli, kwa macho yangu.

Nikajitupa katikati nikipiga kelele: "Muache! Si yeye! Huyu ni ndugu yangu!"

Kijana mmoja ninayemfahamu, anayeendesha toleka, baiskeli ya kubeba watu, akanishika bega. Hakuwa na hasira nami hata kidogo. Alishangaa tu.

"Mama, si ni weye njo ulisema ku redio?"

Mapendo alikuwa amesimama dirishani na watoto. Alisikia. Akanitazama. Sikuweza kumtazama.

Polisi walikuja. Na walimkamata nani? Waliovunja mkono wa mtu? Hapana! Walimkamata Bahati! Walimpandisha garini mkono unaning'inia, wakachukua na simu yake, wakasema ni ushahidi.

Nilimpigia Fidèle mara kumi. Hakujibu. Nikapanda pikipiki na kiatu changu kimoja mpaka redioni. Nilimkuta uani, anakunywa chai na wenzake, anacheka.

Nilimwambia yaliyotokea. Nilimwambia anipe nafasi sasa hivi niseme kwamba nilidanganya.

"Mama, tulia," alisema. "Emission imeisha."

"Ni weye ulinituma! Ni weye uliniuliza avenue!"

Akaweka kikombe chini. Ile sauti tamu ikaondoka yote.

"Miye nilitaja mutu? Sauti iko yako, mama. Donc usilete fujo hapa."

Mlinzi akanitoa nje kwa kunishika mkono. Mimi, Mama Béa wa Mangobo!

Kesho yake nilipiga tena kwenye kipindi. Waliniacha kwenye mstari, ninasikia muziki, mpaka simu ikakatika. Nilipiga na siku iliyofuata, na iliyofuata. Mwisho namba yangu haikupita tena. Nikaazima simu ya jirani. Fidèle aliposikia sauti yangu tu, alikata na kusema, "Tumepoteza muunganiko." Na Ijumaa alitangaza kwa sauti ya mtu mwenye huruma kwamba redio haihusiki na maneno ya wasikilizaji.

Lakini kuna jambo lililonichoma kuliko yote. Wakati huohuo waliponifungia mlango, walichukua kipande cha sauti yangu wakakiweka mwanzo wa kipindi! Kila asubuhi, baada ya ngoma, soko lote lilisikia: "Serikali inalala!" Ni mimi. Wiki nzima, wakati Bahati yuko kasho, amefungiwa polisi, sauti yangu ilikuwa inaita watu waje kusikiliza!

Nilikwenda polisi kumtetea. Afisa mmoja alinisikiliza huku anachokonoa meno. Nilimweleza juu ya mama mzee, kambi, lugha. Akaniuliza, "Mama, ile siku ulisema haujue anasema na nani. Leo unajua? Siku gani ulisema bongo, na siku gani ulisema kweli?"

Mngejibu nini ninyi?

Ni Justin aliyemtoa. Mume wangu mpole, aliyeogopa hata kuhutubia kwenye mkutano wa mtaa, aliacha kazi yake akazunguka kwa chifu wa avenue, kwa padri, kwa mwanasheria mmoja wa parokia. Alikusanya watu wa kushuhudia. Ilichukua siku kumi na moja. Kwa siku kumi na moja mkono ule haukutibiwa vizuri. Bahati alipofika hospitali, madaktari hawakuwa na la kuokoa. Waliukata juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Mkono wa kuume. Wa fundi!

Siku ile Justin aliporudi kutoka hospitali, alikaa kitandani na viatu vyake. Nilimletea chakula. Hakukigusa. Akaniambia, "Nilikuwa naogopa watakuharibia jina. Sikujua ni weye utaharibia batu maisha." Tangu hapo tunaishi nyumba moja, tunasalimiana, tunaulizana juu ya watoto. Zaidi ya hapo, hakuna.

Bahati na Mapendo hawakurudi katika parcelle yetu. Mtu alikuja na mkokoteni akachukua vitu vyao. Nilisikia wamekwenda Banalia, kwa mtu mmoja waliyemfahamu kanisani.

Nilianza kusema ukweli kwa mdomo wangu. Nilisimama sokoni nikasema. Nilisimama kanisani baada ya misa nikasema. Na mnajua ilikuwaje? Mtu alipiga simu kwenye kipindi kilekile akasema Mama Béa amenunuliwa na adui! Fidèle akasema, "Hayo ni maoni." Kwa juma moja wateja walinikimbia. Mtu alimwaga mafuta ya taa juu ya samaki wangu, nikawatupa wote. Binti yangu alitemewa mate shuleni. Nililia... halafu nikakumbuka kwamba mimi nilipigiwa makofi kwa jambo hilohilo nililotendewa.

Baada ya miezi mitatu nilipata ujasiri wa kwenda Banalia. Safari ya pikipiki siku nzima, matope mpaka magotini. Nililala kwa masista, na asubuhi nikaelekezwa nyumba yao.

Mapendo alikuwa nje, anatwanga pondu, majani ya muhogo. Aliponiona hakuacha kutwanga. Nilipiga magoti palepale nikaanza kusema yote niliyotayarisha. Alininyamazisha.

"Ile asubuhi," alisema, "redio ilikuwa inafunguliwa ku meza ya Bahati. Kila siku alikuwa anakusikiliza. Ukianza kusema, anasimamisha mashini. Anaambia baclients: nyamazeni, ni dada yangu."

Akatwanga tena mara mbili, tatu.

"Tulisikia yote, mama. Ulipofika ku pompe, alinitazama tu. Aliniambia, labda kuko fundi mwingine."

Bahati akatoka ndani. Alikuwa amekonda. Mkono wa shati umefungwa kwa pini. Alileta kiti, akakiweka mbele yangu kwa mkono wa kushoto, akaniambia nikae. Heshima ile iliniua. Nikamwambia anipige. Nikamwambia anitukane.

Akaketi kizingitini. Ndipo akasema juu ya mama yake.

Zile siku kumi na moja mzee alikuwa anapiga simu. Kila jioni. Simu ilikuwa polisi, hakuna wa kuipokea. Watu wa kambi walisema alikataa kula, akisema mtoto wake amekufa. Bahati alipopata simu ya kuazima na kupiga, yule aliyepokea alimwambia walimzika juzi.

"Dada," Bahati aliniambia, "ungeniuliza. Kama uliniogopa, ungeniuliza. Mulango yetu ilikuwa hatua kumi."

"Sikukuogopa," nilimjibu. "Hata siku moja. Nilijua ni mama."

Ningeweza kumdanganya. Ningesema niliogopa vita, akili ilichafuka, na labda angenisamehe. Lakini nilikuwa nimemdanganyia mbele ya mji mzima, sikuweza tena kumdanganya usoni. Nikamwambia kwamba nilitaka kuitwa wa kwanza.

Alinitazama kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Akaingia ndani. Hakutoka tena. Mapendo akaniambia nirudi nisije nikakosa pikipiki. Yule mtoto mwenye jina langu alikuwa anacheza karibu na moto. Walikuwa wanamwita kwa jina jingine.

Hiyo ndiyo habari yangu. Fidèle bado yuko redioni. Nasikia mwaka ujao anataka kugombea kiti. Kipindi kinaendelea kila asubuhi na watu wanapiga simu wakishindana, kila mmoja anataka kusema jambo kali kuliko la jana. Niliandika barua kwa wakubwa wa redio, nikaandika na kwa wakubwa wa mji. Hakuna aliyejibu. Wale wanaume wawili walioinyanyua mashini ninawaona mtaani. Wananisalimia vizuri!

Msamaha sijapata, na siudai. Kila nikipata mtu anayekwenda Banalia, ninatuma samaki na sabuni. Wakati mwingine vinapokelewa, wakati mwingine vinarudishwa kama vilivyo. Ninatuma tena.

Sisemi mwache kusikiliza redio. Siasa ni yetu, nchi ni yetu, na ile siku niliyosema juu ya maji sikukosea. Semeni juu ya maji! Semeni juu ya barabara, na juu ya wakubwa wanaokula peke yao! Lakini mtu akikuuliza jirani yako ni nani, anatoka wapi, anaongea na nani... kata simu. Usifikiri mara mbili. Yeye atabaki na kipindi chake, na wewe utabaki kwenye avenue yako na hao majirani.

Na ninyi mnaopiga makofi mkisikiliza, msijione salama. Hakuna hata mmoja sokoni asubuhi ile aliyeniuliza, "Mama Béa, una hakika?" Mmoja tu angeuliza! Ningeona haya. Ningechukua simu kabla ya saa nne nikampigia Bahati akimbie.

Nawaomba, ulizeni. Mtu akianza kumtaja mwenzake mbele yenu, hata kama ana sauti nzuri, hata kama ni mama yenu, mwambieni anyamaze kwanza aulizwe. Mimi hakuna aliyeninyamazisha.